Ng'ambo Ni Wapi

Tangu mwishoni mwa 2022 nimeandika makala zaidi ya arobaini kuhusu akaunti za akiba za ng'ambo. Akiba yangu mwenyewe, ile ya siku za neema, hukaa M-Shwari, na haikai sana.

Kazi huja hivi. Mteja wangu yuko Uingereza, sura yake siijui wala sauti yake. Jumatatu hutuma kichwa cha habari: akaunti bora za akiba kwa ekspati anayeishi Dubai. Wiki inayofuata ni Singapore, halafu Doha. Mimi namrudishia maneno 1,500 kabla ya Ijumaa. Hulipa senti mbili za dola kwa neno, yaani dola 30, na hapo wale wa kupitisha malipo hawajakata chao. Jina langu halitokei popote. Nilianza miezi michache baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Kwa nini niliacha ni makala nyingine, na hiyo hakuna aliyeahidi kuilipia.

Ekspati, kama hujakutana naye, ni mtu aliyetoka kwao akaenda kufanya kazi nchi nyingine kwa mshahara mzuri, nyumba ya kampuni, na watoto kwenye shule ya kimataifa. Kwenye makala zangu huwa Mwingereza. Ana tatizo la kweli, sitamcheka. Akiondoka kwao, benki yake ya zamani huanza kumkunjia uso kwa sababu si mkaazi tena. Kule aliko, akaunti yake imefungwa kwenye kibali cha kuishi; kibali kikiisha, akaunti nayo hubanwa. Na mwakani kampuni inaweza kumhamishia Hong Kong. Kwa hivyo hutafuta mahali pa tatu pa kuweka pesa, mahali pasipojali yeye analala wapi.

Mahali hapo mara nyingi ni Jersey, Guernsey au Isle of Man. Jersey ni kisiwa cha watu wapatao laki moja, kikubwa kama nusu ya kaunti ya Mombasa, karibu zaidi na Ufaransa kuliko Uingereza. Mfalme wao ni yule yule wa Uingereza lakini serikali na sheria za kodi ni zao. Asiyeishi huko akiweka akiba, riba huipata nzima, haikatwi kodi kule. Hapa kwetu riba ya benki hukatwa asilimia 15 kabla hujaiona. Akaunti zenyewe huwa za pauni, dola au yuro, na ukiweza kuzifunga mwaka mmoja au miwili riba hupanda.

Wakenya wengi neno hili tulilisikia vizuri Oktoba 2021, zilipotoka Pandora Papers na kutaja wanasiasa wa dunia nzima, ikiwemo familia ya rais wetu wa wakati huo. Tangu hapo ukisema una akaunti ng'ambo watu wanakuangalia mifuko. Lakini kuwa nayo si kosa, na siri yenyewe imepungua sana: nchi zaidi ya 100 siku hizi hupeana taarifa za akaunti za wageni kwa ajili ya kodi. Hiyo aya nimeiandika mara nyingi mpaka naweza kuiandika nikiwa usingizini, na kuna siku nadhani niliiandika hivyo.

Neno ng'ambo lenyewe nililijua kabla ya yote hayo. Nimekulia Likoni. Ukiwa upande wetu wa feri, ng'ambo ni Mombasa mjini. Ukishavuka, ng'ambo ni sisi. Mtoto wa Likoni hahitaji kuelezwa kwamba ng'ambo si mahali, inategemea wewe umesimama wapi. Ila ilinichukua makala thelathini na simu moja kutoka Doha kuona kwamba nilikuwa naandika miezi yote hiyo nikiwa nimesimama upande wa mtu mwingine.

Simu ilikuwa ya dadangu. Novemba 2023, ujumbe wa sauti wa dakika nne, nyuma yake kelele za chumba cha vitanda sita kule Al Wakrah, kusini mwa Doha. "We kaka, si ndiwe waandika hizi mambo za akaunti za wazungu? Basi nitafutie moja. Nataka akaunti ambayo hata mimi mwenyewe nikilia, haifunguki."

Ili uelewe kwa nini alitaka hivyo, lazima nikwambie kuhusu daftari la Mama.

Dada alienda Qatar 2021, kusafisha vyumba vya hoteli, mshahara riyali 1,300. Mwaka huo huo, mwezi wa tatu, Qatar walianza kima cha chini cha riyali 1,000, kwa hivyo yeye alijiona yuko juu kidogo. Kila mwezi alimtumia Mama riyali 700: mia mbili za matumizi, mia tano za akiba. Zile mia tano Mama alikuwa amwekee. Miaka miwili, miezi ishirini na nne, ni riyali 12,000. Kwa bei za dola za wakati ule ilitakiwa iwe karibu laki nne za Kenya. Aliporudi likizo katikati ya 2023 alikuta 31,400.

Hakuna aliyeiba. Hilo ndilo gumu kumweleza mtu. Mama aliandika kila kitu kwenye daftari la mistari la kurasa mia mbili, kwa mkono wake ule wa kulala upande. Karo ya kitinda mimba wetu, 14,000. Nyanya, hospitali, 22,000. Nyanya tena, 17,500. Mabati ya jikoni, 9,500. Mchango wa mazishi, 6,000, na jina la marehemu ambaye Dada hakumjua. Kwenye ukurasa wa kumi na moja kuna mstari unaosema "laptopu ya kaka yake, 18,000". Ni hii ninayoandikia. Makala zote arobaini za akaunti za ng'ambo zimeandikwa kwa pesa iliyotoka kwenye akaunti ya Likoni ya mtu aliyekuwa ng'ambo.

Dada alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, akalifunga, akamwambia Mama asante. Kisha akaenda kuoga. Alikaa bafuni muda mrefu.

Kwa hivyo aliponipigia kutoka Doha na mkataba mpya, sasa yeye ni msimamizi, riyali 2,300, anaweza kuweka 900 kila mwezi, nililichukua swali lake kama nichukuavyo kazi ya mteja. Nikafungua makala zangu mwenyewe, nikatafuta.

Nilianza na kiwango cha kufungulia. Akaunti nyingi za visiwani hutaka maelfu ya pauni ndipo zikufungulie mlango, na zile zilizoandikwa kwa herufi za dhahabu hutaka makumi ya maelfu. Chukua pauni 25,000. Riyali 900 kwa mwezi ni 10,800 kwa mwaka, na kwa sababu riyali imefungwa kwa dola kwa 3.64 tangu 2001, hiyo ni kama dola 2,967. Dada angehitaji zaidi ya miaka kumi kuweka akiba mahali pengine ndipo aruhusiwe kuanza kuweka akiba Jersey.

Halafu ikaja fomu, na fomu ilinikera kuliko kiwango. Hutaka pasipoti iliyothibitishwa na wakili, na hutaka uthibitisho wa mahali unapoishi: bili ya maji, bili ya umeme, mkataba wa nyumba wenye jina lako. Nilishaandika sentensi hiyo mara arobaini bila kuifikiria: "andaa bili ya karibuni yenye jina lako". Dada anaishi chumba cha mwajiri. Bili ni ya mwajiri, mkataba ni wa mwajiri, hata kitambulisho chake cha ukaazi hupitia kwa mwajiri. Mji ni ule ule, uwanja wa ndege ule ule, jua lile lile la nyuzi 45, lakini fomu inamwuliza bili ya umeme kama vile kila mtu aliye mbali na kwao ana stima yenye jina lake.

"Mwambie basi nina kitanda," Dada akasema. "Kitanda kina namba."

Nikamwuliza kwa nini asiache pesa benki ya huko huko Doha. Mshahara tayari hupitia benki, sheria ya Qatar inataka hivyo tangu 2015. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto: kitambulisho kikifa, kadi inakufa. Na mkataba ukivunjika ghafla hujui utapewa siku ngapi. Anacho cha mwisho cha kutegemea, mafao ya angalau wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliofanya kazi, hayo anayahesabu, lakini hayo hupewa anayeondoka vizuri. Nikagundua kwamba tatizo lake ni lile lile la Mwingereza wangu, neno kwa neno. Anataka pesa isiyokufa pamoja na kibali. Tofauti ni kwamba mmoja ameundiwa kisiwa kizima.

Kuna kitu kingine ambacho ilibidi nimwonye, kwa sababu kwenye hoteli yake alikuwa ameshapita jamaa mwenye tai akiwauzia wasimamizi "mpango wa akiba". Hizi nazijua. Zinauzwa sana Ghuba: unachangia kila mwezi kwa miaka 10, 15, hata 25, ada nyingi zimepangwa mwanzoni, wakala anapata kamisheni yake mapema, na ukishindwa kuendelea mwaka wa tatu unakuta adhabu imekula karibu kila ulichoweka. Mtu mwenye mkataba wa miaka miwili anauziwa mpango wa miaka ishirini na mitano! Niliwahi kueleza ada hizo vizuri, aya tatu, kwenye makala moja. Mteja akarudisha na maelezo mafupi: punguza hapo, inatisha wasomaji. Nikapunguza, dola 30 ni dola 30. Kwa Dada niliziandika zote tatu upya, kwa Kiswahili, bure.

Usalama je? Mtu wa mtaani huamini benki ya wazungu haianguki. Oktoba 2008, mabenki ya Iceland yalipoporomoka, tawi la Kaupthing kule Isle of Man lilifungwa na walioweka akiba wakarudishiwa kwa mafungu, miaka ikipita. Guernsey nako Landsbanki ilianguka wakati kisiwa hakikuwa na mfuko wowote wa kuwalinda waweka akiba. Ulianzishwa mwezi uliofuata. Leo visiwa vyote vitatu hulinda hadi pauni 50,000 kwa mtu. Sisi nasi tuna yetu: Imperial ilifungwa Oktoba 2015, Chase Aprili 2016, na wakati huo bima ya serikali ilikuwa shilingi laki moja tu kwa kila mweka akiba, haijalishi ulikuwa na ngapi. Tangu Julai 2020 ni 500,000. Kwa mtu wa riyali 900 kwa mwezi, nusu milioni ni ukuta wa kutosha kwa muda.

Swali lililobaki ni la sarafu, na hapa ndipo makala zangu zilinidanganya kidogo. Zote husema: weka kwenye sarafu ngumu. Na ukiangalia nyuma unakubali. Desemba 2019 dola ilikuwa kama shilingi 101, Desemba 2023 ilikuwa imepita 156. Kule Al Wakrah chumba kizima kilikuwa kimeacha kutuma isipokuwa ya lazima. Wanangoja. Januari 2024 ikafika 160, kuna mdada wa kitanda cha juu akaapa hatumi mpaka 170. Halafu Februari serikali ikakopa upya kulipa deni la Eurobond, shilingi ikajinyanyua, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130. Kwa kila dola 1,000 aliyoshikilia, yule mdada alikuwa amepoteza shilingi 30,000 akiwa amelala kitandani kwake.

Dada hakungoja. Si kwa sababu yangu. Mimi sikujua chochote kuhusu kesho, na mtu anayekwambia anajua kesho ya shilingi anakuuzia kitu. Hakungoja kwa sababu hakuwa anatafuta faida. Alikuwa anatafuta umbali.

Hilo lilinichukua wiki mbili kulisikia vizuri. Kila makala niliyoandika iliweka pesa mbali na mkusanya kodi, mbali na benki inayobadilika, mbali na mwajiri anayehamisha watu. Dada alitaka iwe mbali na sisi. Mbali na nyanya anayeumwa kweli, na karo inayodaiwa kweli, na kaka anayehitaji laptopu kweli. Angetaka kujificha watu wabaya ingekuwa rahisi.

Basi nikamwandikia ya hapa nyumbani. Ukiwa Doha, ng'ambo ni Nairobi. SACCO: akiba yako huwezi kuichukua hivi hivi, lazima ujiondoe uanachama na kutoa notisi, kwa kawaida siku 60. Kulia hakusaidii. Ila hailindwi na ile bima ya 500,000, kwa hivyo chagua SACCO yenyewe kama unavyochagua mume. (Akanijibu kwamba hiyo si sifa nzuri.) Akaunti ya dola kwenye benki ya Kenya: sawa kama unaogopa shilingi, riba yake ndogo, na inafunguka ukipiga simu. Akaunti ya muda maalum: ukiivunja mapema unapoteza riba, lakini inavunjika.

Na hati fungani za serikali. Tangu 2023 Benki Kuu ina mfumo wa DhowCSD, unajisajili kwa simu hata ukiwa nje, unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki ya Kenya. Ile hati ya miundombinu ya Februari 2024, ya miaka minane na nusu, ilitoka na riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi, kuanzia shilingi laki moja. Kwa laki moja mwaka wa kwanza ni karibu 9,230 kila miezi sita. Kwenye makala zangu za Jersey sijawahi kuandika namba kama hiyo. Namba kubwa hivyo ina sababu yake, serikali yenye raha haikopi kwa asilimia 18, na hilo pia nilimwandikia. Kuiuza kabla ya muda wake inawezekana, lakini kuna hatua, kuna siku, kuna bei ya soko. Si kitu cha kufanya saa mbili usiku Mama akiwa kwenye laini.

Nilimtumia yote hayo kama ujumbe mmoja mrefu. Maneno 1,480, nilihesabu kwa mazoea.

Akasikiliza, akauliza maswali matatu. La kwanza, nani anaona. Nikasema wewe, na taarifa zinakuja kwa simu yako. La pili, nikifa. Nikasema unaandika jina la mrithi. Akanyamaza kidogo, halafu la tatu: "Na wewe ukijua iko wapi, Mama akikuuliza utanyamaza?"

Sikumjibu haraka, na hilo lilikuwa jibu.

Alichagua. Najua alichagua kwa sababu mwezi wa tatu aliniomba nimtumie picha ya cheti chake cha PIN kilichobaki nyumbani. Kama ni SACCO, kama ni hati fungani, kama kuna kiasi alichobakisha Doha chini ya namba ya kitanda, hajaniambia. Jina aliloandika kwenye sehemu ya mrithi pia sijui. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na kila ninapoiona namba hiyo gazetini, inasifiwa kama mvua, mimi hufikiria ile isiyotumwa, ile ambayo mtu ameibakisha upande wa pili na hakumwambia nduguye.

Mama aliuliza mara moja tu. Alipiga Jumapili jioni.

"Mwanangu, huyu dadako siku hizi pesa aweka wapi?"

"Sijui, Mama."

"Na we si ndiwe waandika mambo ya benki?"

"Ndiye mimi."

Nikamsikia anafungua daftari, kurasa zile zina sauti yake. Hakuuliza tena. Akasema tu nyanya arudi kliniki tarehe ishirini, na dawa moja imepanda bei.

Nikamwandikia Dada. Alijibu alipotoka zamu, saa saba usiku, kwao na kwetu saa ni ile ile.

"Ni ngapi?"

Nikamwambia 4,500. Zilimfikia Mama kabla sijalala.